Mbwa anajikuna hakomi? Soma hapa kabla hujanunua mfuko mwingine wa chakula

Mbwa wangu anaitwa Komando, jina kubwa kuliko ujasiri wake maana paka wa jirani akipita juu ya ukuta yeye ndo anaingia bandani. Alivyofikisha mwaka na nusu akaanza kujilamba miguu ya mbele usiku kucha, mpaka yale manyoya meupe ya katikati ya vidole yakageuka rangi ya kutu, alafu sikio la kushoto likawa linanuka kama kikombe cha maziwa kilicholala bila kuoshwa. Nikafanya wanachofanya wengi, nikaenda dukani nikauliza mna chakula cha mbwa mwenye aleji, kijana wa pale akanishushia mfuko una picha ya kondoo na majani mabichi, nikalipa, nikarudi nyumbani najiona nimemaliza kazi. Miezi miwili baadae Komando bado anajilamba na mimi nimeshabadilisha mifuko mitatu. Siku nimekaa zangu kibarazani umeme umekatika ndo nikaanza kusoma nyuma ya ule mfuko wa kondoo kwa tochi ya simu: cha kwanza mahindi, cha pili unga wa kuku. Kondoo mwenyewe alikua wa sita.

Mi sio daktari wa mifugo, ni mfugaji wa mbwa mmoja aliyechoma hela. Ila kitu kimoja nimekielewa vizuri, chakula cha mbwa mwenye aleji au ugonjwa hakichaguliwi dukani, kinachaguliwa nyumbani, kwa kukumbuka kila kilichowahi kuingia mdomoni mwa huyo mbwa na kujua ugonjwa wake ni upi hasa. Dukani unaenda kuchukua tu.

Kwanza hakikisha tatizo ni chakula kweli

Mbwa wengi wanaojikuna hawana shida na chakula kabisa, shida yao ni viroboto. Na usiniambie mbwa wako hana viroboto sababu hujawaona, mbwa mwenye aleji ya mate ya kiroboto anaweza kuumwa na wawili watatu tu akajitafuna wiki nzima. Akijikuna sana mgongoni kule karibu na mkia, anza na dawa ya viroboto, mpe kila mbwa ya mbwa na kila paka ya paka hapo nyumbani, sio huyo mmoja tu. Akijikuna kingo za masikio na viwiko mpaka manyoya yanatoka, na wewe mwenyewe umeanza kuwashwa mikononi, huo unaweza kuwa ukurutu, apelekwe kwa dokta akwanguliwe ngozi waangalie kwa hadubini.

Aleji ya chakula inapenda masikio, nyayo, kwapa, tumboni na chini ya mkia, haijali masika wala kiangazi, ipo mwaka mzima. Mara nyingi inakuja na tumbo pia, anajamba kupita kiasi, kinyesi laini, haja mara nne tano kwa siku. Tatizo ni kwamba aleji ya vumbi na chavua nayo inakaa sehemu zilezile, kwahiyo hata dokta mzoefu hawezi kumwangalia tu akakwambia huyu ni chakula.

Na hapa niwaokolee hela. Kuna vipimo vya damu, vya mate, hadi vya nywele vinauzwa onlaini, unatuma sampuli unarudishiwa orodha ndefu ya vyakula ambavyo mbwa wako eti havimfai. Kwa aleji ya chakula ya mbwa vipimo hivyo havitegemeki, mbwa mzima kabisa anaweza kurudi na orodha ya vitu kumi na tano. Kipimo kinachoaminika mpaka leo ni kimoja, kumlisha chakula cha aina moja tu kwa wiki nane na kuangalia. Nitakuja huko.

Kitu kingine, watu wanalaumu nafaka mno. Kuna uchambuzi ulichapishwa 2016 ulikusanya taarifa za mbwa 297 wenye aleji ya chakula, nyama ya ng'ombe ilihusika kwa asilimia 34, maziwa na vitu vyake 17, kuku 15, ngano 13, kondoo 5. Kwahiyo protini za wanyama ndo ziko mbele, ngano ipo lakini sio mfalme, na wali na mahindi wako nyuma zaidi. Ile mifuko iliyoandikwa haina nafaka unalipia zaidi kuepuka kitu ambacho pengine wala hakimsumbui mbwa wako, na juu ya hapo toka Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kuchunguza vyakula vya namna hiyo, hasa vyenye njegere na dengu nyingi, kwa kuhusishwa na ugonjwa wa moyo kutanuka. Uchunguzi haukutoa jibu la moja kwa moja kwamba hiki ndo chanzo, lakini mi kama mbwa hana aleji ya ngano sioni sababu ya kuhangaika huko.

Na usiniambie "lakini amekula kuku toka mdogo hajawahi kudhurika". Ndo aleji ilivyo. Mwili unakutana na kitu mara nyingi, siku moja unakikataa.

Chukua daftari

Kaa na watu wote wa nyumbani muandike kila kitu alichowahi kula huyo mbwa, na nikisema watu wote namaanisha mpaka watoto, dada wa kazi na mlinzi. Mbwa wa kwetu hajalelewa kama wa kwenye matangazo. Amekula ugali wa dona na dagaa, utumbo, mapafu, vichwa na miguu ya kuku, makombo ya pilau, chapati iliyoungua, maziwa yaliyoganda, na mifupa ya Iddi na ya Krismasi bila ubaguzi wa dini. Orodha ya Komando ilijaza kurasa mbili.

Kwanini hiyo orodha ni muhimu? Sababu chakula cha majaribio inatakiwa kiwe na protini ambayo mwili wake haujawahi kuiona, na hapo ndo ushauri mwingi wa wenzetu wa nje unatuangusha. Kule walikua wanashauri kondoo kama nyama ngeni kwa sababu mbwa wao walizoea ng'ombe na kuku. Mbwa wako amekula mifupa ya mbuzi miaka mitano, na ng'ombe, mbuzi na kondoo ni ukoo mmoja, protini zao zinafanana kiasi kwamba anayemkataa mmoja anaweza kuwakataa wote. Kuku na bata nao wanaweza kufanana hivyohivyo. Alafu samaki! Kila duka watakupa mfuko wa samaki wa maji baridi ya Ulaya wakwambie huu ni mzuri kwa ngozi, sawa, mafuta ya samaki kweli yanasaidia ngozi, ila mbwa aliyekuzwa kwa dagaa samaki kwake sio mgeni hata kidogo.

Wageni wa kweli kwa mbwa wengi wa huku ni sungura, na kwa nyumba nyingi nguruwe. Kwa nyumba nyingi, sio zote, maana kuna majirani zangu mbwa wao anajua harufu ya kitimoto toka njia panda. Na kama nyumbani kwenu nguruwe haingii, au anayemlisha mbwa hapendi kushika kitu cha nguruwe, soma lebo vizuri kabla hujanunua, tafuta neno "pork", na mwambie mtu ukweli usimfiche kwa kuwa eti ni punje kavu tu.

Kama orodha yako imejaa kila mnyama, kama ya kwangu, usihangaike kutafuta kangaruu. Nenda kwenye vyakula ambavyo protini yake imekatwakatwa kiwandani mpaka vipande vidogo sana ambavyo kinga ya mwili haivitambui. Kwenye mfuko utaona neno "hydrolysed" au "hydrolyzed". Royal Canin Hypoallergenic inatumia protini ya soya iliyokatwa hivyo pamoja na wali, Hill's z/d inatumia maini ya kuku yaliyokatwa hivyo pamoja na wanga wa mahindi. Sasa ona, kama unashuku kuku kwa nguvu zote, kuna mbwa wachache wenye aleji ya kuku ambao bado wanawashwa wakila kuku aliyekatwa, kwahiyo ningeanza na cha soya. Fomula zinabadilika lakini, usinishike neno, geuza mfuko usome mwenyewe.

Kusoma mfuko

Upande wa mbele wa mfuko ni tangazo. Picha, majani, mbwa mwenye manyoya yanayong'aa, neno "premium", "natural", "sensitive", hata hilo "hypoallergenic" lenyewe, likiandikwa peke yake kwenye mfuko wowote halina kipimo cha kisheria kinacholibana. Geuza nyuma.

Viambato vinaandikwa kwa uzito, kizito ndo cha kwanza, na uzito unapimwa na maji yake kabla ya kupikwa. Nyama mbichi ina maji mengi, kwahiyo "chicken" ikiwa ya kwanza sio lazima ndo nyingi zaidi kuliko "chicken meal" iliyo ya pili, ule ni unga uliokwisha kukaushwa. Kwa mbwa wa aleji lakini nafasi haijalishi sana, kinachojalisha ni kama kipo ama hakipo. Na maneno ya kuogopa ni yale yasiyotaja mnyama: "meat and animal derivatives", "poultry meal", "animal digest", "animal fat". Mnyama gani? Hujui, na pengine mwezi huu ni huyu mwezi ujao ni yule. Mfuko wenye maneno hayo kwa mbwa wa aleji uache hapohapo hata kama upo ofa.

Jina la chakula nalo lina ujanja wake. Kwa kanuni wanazofuata Marekani, ikiandikwa "with lamb" kondoo anatakiwa kuwa asilimia 3 tu, Ulaya ni 4. Ikiandikwa "lamb flavour" wala hakuna kiasi cha chini, inatosha ladha isikike. Ikiandikwa "lamb dinner" au "lamb recipe" hapo Marekani wanataka angalau asilimia 25. Ule mfuko wangu uliandikwa "with lamb". Asilimia zingine zote nilizomlisha Komando kwa miezi miwili nikidhani namtibu zilikua na kuku ndani yake.

Na hata lebo ikiwa safi, kiwanda kinaweza kisiwe safi. Mashine ileile iliyosaga kuku asubuhi inasaga sungura mchana. Kuna utafiti wa Italia wa 2013 walipima vyakula vikavu 12 vinavyotumika kwa majaribio ya aleji, viwili tu ndo vilifanana na lebo zake, 10 vilikua na mabaki ya wanyama wasiotajwa. Ndo maana kwa zile wiki nane za kupima, kama hela inaruhusu, chukua vile vya dawa vinavyotoka kwa dokta, viwanda vyake huwa na udhibiti mkali zaidi wa kusafisha mashine. Ukishajua mbwa anakataa nini, hapo ndo unaweza kushuka kwenye vya bei ya kawaida vya dukani.

Mwisho kwenye lebo tafuta sentensi inayosema "complete", yaani kinajitosheleza. Ukikuta "complementary" hicho ni kitafunwa au kiongezeo, sio mlo wa kila siku. Angalia pia umri, mtoto wa mbwa anahitaji kilichoandikwa cha ukuaji au cha umri wote. Mifuko ya Afrika Kusini, ambayo huku kwetu ni mingi, inakua na namba ya usajili inayoanza na V na imetajwa sheria namba 36 ya 1947, ikikosekana kabisa kwenye mfuko unaosema umetoka huko, uliza maswali.

Wiki nane, na watu wa getini

Badilisha chakula polepole, siku saba mpaka kumi, robo mpya, nusu, robo tatu, alafu chote. Siku ya chakula kipya peke yake ndo siku ya kwanza. Kuanzia hapo chakula hicho na maji, basi. Mbwa wengi wenye aleji ya chakula wanaonyesha nafuu ndani ya wiki tano, ukifika wiki ya nane umeshawapata zaidi ya asilimia 90, ndo maana tunasema nane na sio mbili. Tumbo hutulia mapema kuliko ngozi. Kila Jumapili nilikua nampiga picha nyayo zote nne na masikio, alafu naandika namba, sifuri hajikuni, kumi hatulii kabisa, maana kumbukumbu inadanganya, ukiwa umelipa hela nyingi utaona nafuu hata kama haipo.

Awamu yangu ya kwanza ilikufa wiki ya tatu. Namba zilishuka kutoka nane hadi tano zikaganda hapo. Jioni moja nimerudi mapema nikamkuta mzee wetu wa getini anamegea Komando chipsi mayai, na pembeni mfupa wa kidari umeshalambwa ukang'aa. Nikamsalimia, shikamoo mzee, akaitika marahaba mwanangu, wala hakuficha. "Mwanangu, mbwa gani atalinda nyumba kwa kula punje kama kuku? Namwonea huruma." Na mimi ndo mwenye kosa, sikumweleza, nilimwambia tu asimpe mifupa, sikumwambia kwanini. Tukakaa nikamwonyesha zile nyayo kwenye picha, akatikisa kichwa, akasema kumbe ni kama mkwe wake na kamba wa baharini. Toka siku ile yeye ndo alikua mkali kuliko mimi, alimfukuza hadi mgeni wangu aliyetaka kumrushia Komando kipande cha mshikaki.

Makombo sio chipsi tu. Dawa za minyoo na za viroboto za kutafuna nyingi zina ladha ya ng'ombe au kuku, mwambie dokta akupe isiyo na ladha au ya kupaka kwa huo muda. Vitamini za kutafuna, mfupa wa ngozi, dawa ya meno ya mbwa, chakula cha paka, mabaki chini ya kiti cha mtoto anayejifunza kula. Na kama unafuga kuku uani, kinyesi chao mbwa anakila, usicheke, ni kweli. Zawadi yake iwe punje hizohizo, pima chakula cha siku asubuhi, toa kiganja kimoja weka kwenye kopo, hicho ndo cha kumtuza.

Sasa sehemu ambayo watu wanaruka. Akipata nafuu wiki ya nane, mrudishie chakula chake cha zamani. Najua inauma. Lakini pengine alipona sababu mvua ziliisha au sababu ulimpa dawa ya viroboto. Akianza kujikuna tena ndani ya siku chache hadi wiki mbili, umepata jibu, mrudishe kwenye chakula cha majaribio atulie, alafu jaribu kitu kimojakimoja, kuku aliyechemshwa bila chumvi wala kitunguu kwa wiki moja mbili, pumzika, alafu ng'ombe, alafu yai. Komando kwa kuku alichukua siku nne. Ng'ombe hana neno, na mi nilikua nimemnyima ng'ombe mwaka mzima.

Kama bei ya vile vya dawa imekushinda, kuna wanaofanya hizo wiki nane kwa sungura na viazi vya kuchemsha nyumbani, inakubalika kwa mbwa mkubwa mzima na dokta akijua. Usiendelee nacho miezi, hakina kalsiamu ya kutosha, na mtoto wa mbwa usimfanyie hivyo kabisa.

Kama sio aleji bali ni figo, mawe au kongosho

Hapa usijichagulie kwa kuangalia rangi ya mfuko. Chakula cha aleji kikikosewa mbwa ataendelea kujikuna, chakula cha figo au cha mawe kikikosewa mbwa anaweza kufa.

Figo: kinachopunguzwa kwanza ni fosforasi, na protini inakua ya kiasi lakini nzuri. Hill's k/d na Royal Canin Renal ndo za kundi hilo. Chakula kilichoandikwa cha wazee sio chakula cha figo, vingine vina fosforasi nyingi tu. Na kwa mbwa wa figo wale dagaa wakavu tunaowaona chakula cha afya ni tatizo, maana wanaliwa na mifupa yao yote, fosforasi humo imejaa, na wengi wana chumvi pia. Mbwa wa figo mara nyingi hana hamu, kwahiyo usimbadilishie chakula siku anayotapika, atakichukia moja kwa moja, subiri atulie kwanza. Pasha cha kopo kidogo kiwe vuguvugu, harufu itamvuta.

Mawe ya kibofu: kuna aina na aina. Yale yaitwayo struvaiti kwa mbwa mara nyingi yanaletwa na maambukizi ya njia ya mkojo, chakula maalum kinaweza kuyayeyusha lakini na antibayotiki inahitajika. Ya oksaleti hayayeyuki kwa chakula chochote, yanatolewa, alafu chakula ni cha kuzuia yasirudi. Kwahiyo mkojo upimwe, picha ipigwe, ndo mfuko ununuliwe. Vyovyote iwavyo maji ni rafiki, cha kopo ni bora au loweka punje. Na dume akiinua mguu anakamua hamna kinachotoka, hiyo ni ya kwenda kwa dokta usiku huohuo, usisubiri kupambazuke.

Kongosho likivimba: mafuta kidogo. Wengi hupatwa baada ya sikukuu, mtu kamwagia mbwa mafuta yote ya nyama. Kuna Gastrointestinal Low Fat ya Royal Canin na i/d Low Fat ya Hill's. Na hapa ujue kulinganisha kopo na punje maana namba za lebo zinakuhadaa. Kopo limeandikwa mafuta asilimia 4, mfuko wa punje 12, unasema kopo ndo jepesi. Lakini kopo lina maji 78, kwahiyo kilichobaki ni 22, gawanya 4 kwa 22 unapata 18. Mfuko una maji 10, kimebaki 90, gawanya 12 kwa 90 unapata 13. Kopo ndo lenye mafuta mengi. Tumia hesabu hiyohiyo kwa protini.

Kisukari: kinachotakiwa zaidi ni chakula kilekile, kiasi kilekile, saa zilezile na insulini. Unene: kipimo, sio huruma.

Kiasi na bei

Kadirio la mahitaji: chukua kilo za mbwa, zizidishe zenyewe mara tatu, bonyeza kipeuo cha pili (√) mara mbili, zidisha kwa 70. Mbwa wa kilo 20: 20 mara 20 mara 20 ni 8,000, ukibonyeza mara mbili unapata kama 9.46, mara 70 ni 662. Mbwa mzima aliyehasiwa zidisha kwa 1.6, ni kama kalori 1,060 kwa siku. Hapo ni pa kuanzia, ukiona mbavu hazishikiki kwa vidole punguza.

Sasa bei. Tuseme mfuko A ni kilo 10 kwa elfu 90 una kalori 3,200 kwa kilo, na B ni kilo 12 kwa laki na nusu una kalori 3,900. Wa A atakula gramu 331 kwa siku, hiyo ni karibu shilingi 2,980. Wa B gramu 272, karibu 3,400. Dukani uliona tofauti ya elfu 60 ukakimbia, kumbe kwa siku ni mia nne na ushee, haifiki hata bei ya soda.

Usinunue cha kupimiwa

Najua bei yake inavutia, kilo moja kwenye mfuko wa nailoni, kiroba kimefunguliwa mlangoni toka wiki iliyopita. Kwa mbwa mzima shauri yako, kwa mbwa wa aleji hapana. Kikombe cha kupimia ndo hichohicho kimetoka kwenye kiroba cha kuku, lebo hamna, namba ya bechi hamna, tarehe hamna. Na joto na unyevu wa pwani unaleta utitiri wa stoo humo ndani, ambao wenyewe unaweza kumwasha mbwa mwenye aleji, utasingizia chakula kumbe ni wadudu wake. Kuna na sumukuvu. Wakenya wanaikumbuka 2004, watu 125 walikufa kule Ukambani kwa mahindi yaliyoota kuvu, na mbwa wana ini dhaifu kwa sumu hiyo, punje zenye mahindi zikilowa usizianike juani ukamlisha, joto haliiondoi. Akiacha kula ghafla, akatapika, fizi na macho yakawa ya njano, simamisha chakula, weka mfuko, nenda kwa dokta nao.

Nunua ukubwa utakaoisha ndani ya mwezi mmoja hivi. Uache chakula ndani ya mfuko wake, kunja mdomo, uweke mfuko mzima kwenye ndoo yenye kifuniko, juu ya kigoda sio sakafuni. Ukimimina chakula moja kwa moja kwenye ndoo, yale mafuta yanaganda ukutani na kuharibika, na unaongezea chakula kipya juu ya yaliyooza.

Mi kila nikimaliza mfuko nakata kipande cha nyuma chenye viambato nakibandika ndani ya mlango wa stoo. Mfuko mpya ukija nalinganisha neno kwa neno kabla sijaufungua, maana usiofunguliwa dukani wanaupokea. Mwezi wa pili mwaka huu ule wa ng'ombe ninaompa Komando ulikuja na picha ileile, rangi ileile, ila kwenye mstari wa nne palikua pameongezeka "chicken liver". Nikaurudisha, mzee wa getini akanishikia pikipiki.